Uzi: Maleba ya mwaka 1895 kwa igizo la chuo, bajeti ya kuungaunga

Nyuzi_na_Sindano (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Kikundi chetu cha sanaa za maonyesho chuoni kimeamua kupandisha jukwaani tamthilia ambayo matukio yake yako Ulaya mwaka 1895. Ni familia ya kitajiri inayofilisika taratibu mpaka nyumba inapigwa mnada. Wahusika kumi na wanne, nusu yao wanawake. Maleba yameniangukia mimi.

Kushona najua, cherehani nimeikuta nyumbani. Nguo za enzi hizo ndizo sijawahi kuzikata. Pesa ni kidogo, na mwongozaji anataka kila mtu avae kahawia na nyeusi "kama kwenye picha za zamani".

Naomba kuelewa mambo matatu. Nianzie wapi? Koseti, lile vazi la ndani la kubana kiuno, ni lazima? Halafu kuna mhusika mkuu anayetoka jukwaani na gauni la dansi na kurudi na nguo ya safari, katikati kuna kama dakika moja tu. Hilo linafanyikaje?

Bi_Mkasi

Kwanza pole, pili hongera, maana umeangukia mwaka mzuri. Ungepewa 1860 ungelia.

Anza kwa kushukuru kwamba umepewa mwaka na siyo "zamani". Wanafunzi wengi huvalisha "zamani": gauni la 1860 lenye krinolini (fremu ya kupanulia sketi), kofia ya 1910, na viatu vya juzi. Katika karne moja umbo la mwanamke lilibadilishwa mara nyingi kuliko unavyodhani. Krinolini ya vyuma ilikuja mwaka 1856, na sketi ikawa kengele kubwa inayosimama yenyewe. Kufikia miaka ya 1870 upana wote ukasukumwa nyuma, juu ya makalio, kwa kitegemeo kinachofungwa kiunoni. Kikaondoka, kikarudi tena kuanzia kama 1883 kikiwa kimechongoka zaidi, kisha kikafa mwisho wa muongo huo. Mwaka wako, 1895, makalio yametulia. Ukubwa wote umehamia mabegani: mikono iliyojaa hewa juu na kubana kuanzia kiwikoni kushuka, kiuno chembamba, sketi inayomwagika kuelekea chini.

Mtu aliyekaa safu ya mwisho haoni lesi wala kifungo cha lulu. Anaona mabega, kiuno na pindo. Hayo matatu yakikaa sawa, atakuamini hata kama kitambaa kilikuwa pazia. Yakikosewa, lesi ya bei ghali haitakuokoa. Kwa hiyo agizo langu ni moja: umbo kwanza, mapambo yatafuata pesa ikibaki.

Habari njema ni kwamba wakati huo wanawake walikuwa wameanza kuvaa sketi na blauzi mchana, na hata suti ya koti na sketi iliyokatwa kifundi kama ya wanaume. Maana yake hukati magauni saba tofauti. Tengeneza kielelezo kimoja cha sketi ya pande saba, ukirekebishe kwa viuno tofauti, uwavalishe wote. Mbele iwe bapa, marinda yote yasukume nyuma. Pindo likizunguka mita 4 au zaidi, utapata ule mwendo wa kuelea.

Mkono ndio wenye kazi, nikueleze polepole. Usijaribu kuufanya usimame kwa wingi wa kitambaa tu, utalala kama puto lililopasuka. Kata mikono miwili. Wa ndani ni wa bitana, mwembamba, unaombana mvaaji. Juu ya bega la huo wa ndani shonea safu mbili tatu za neti ngumu ya nailoni, zilizovutwa uzi zikajikunja. Ndipo uvishe mkono wa nje juu yake, mpana kabisa, marinda yake yote yaingie kwenye nusu ya juu ya tundu la mkono. Chini ya kwapa pasiwe na rinda hata moja, la sivyo mwigizaji hatashusha mkono. Neti inabeba uzito na mkono wa nje unapumua. Ukitundika gauni usiku, jaza karatasi mikononi.

Kabla ya kugusa kitambaa chenyewe, kata kila kitu kwa merikani, piga bandi, mvalishe mtu, mwambie ainue mikono na akae. Baada ya hapo ndipo ukate.

Kivuli77

Si mkodishe tu magauni ya harusi mfunike na mitandio? 😂

Bi_Mkasi

Kivuli77, kukodi si dhambi, mimi mwenyewe kwa suti za kiume ningekodi. Lakini nguo ya kukodi huruhusiwi kuikata, kuitia rangi wala kuichakaza. Hii familia inafilisika, nguo lazima zife pamoja nayo.

Mzee_wa_Pazia

Mwanzisha uzi, hilo la kahawia na nyeusi mpinge mwongozaji wako kwa adabu lakini mpinge. Picha za wakati ule zilikuwa za kahawia kwa sababu ya kemikali za kusafishia picha. Watu wenyewe walivaa rangi, tena rangi za kupiga kelele.

Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 wa London, William Henry Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini kutokana na mazao ya lami ya makaa ya mawe. Akapata uchafu wa zambarau usiotoka kwenye kitambaa. Ndiyo ikawa rangi ya kwanza ya viwandani iliyouzwa kwa wingi. Ndani ya miaka michache zikafuata nyingine nyekundu, za buluu na za kijani, kali kuliko nyingi zilizotoka kwenye mimea. Kufikia 1895 tajiri wako angeweza kuvaa zambarau iliyokolea na hakuna ambaye angemshangaa.

Mpe mwongozaji pendekezo hili: kila tendo lipoteze rangi. Tendo la kwanza zambarau, kijani cha chupa, nyekundu ya damu ya mzee. La mwisho, nguo zilezile au ndugu zake zikiwa zimefifia, kola imechakaa, kifungo kimoja si cha jamii yake. Mtazamaji atajua wamefilisika kabla hajaambiwa. Ukiwavalisha kahawia tangu mwanzo, utawashusha wapi?

Jambo la pili ambalo wengi hulisahau. Mwaka 1895 si kila mtu alivaa nguo za 1895. Michoro ya mitindo ilionyesha ndoto za mshonaji. Tazama picha halisi za watu: binti ana mikono mipana, mama yake ana ya kadiri, na shangazi kwenye kona anavaa gauni la miaka kumi nyuma, mikono inabana kama soksi. Mtumishi anavaa la bosi wake lililopunguzwa. Tumia hilo. Ukimwona bibi wa familia na kitegemeo cha nyuma kilichopitwa na wakati, hujahitaji maneno kujua ni mbishi.

Pa kutazama ni pengi na ni bure: makumbusho ya Victoria and Albert ya London na Metropolitan ya New York yameweka picha za nguo halisi mtandaoni, nyingine mbele na nyuma. Nyuma ndiko kwenye siri, tazama nyuma. Kwa nguo za watu wa kawaida, katalogi ya duka la Sears la Marekani ya mwaka 1897 ina michoro ya kila kitu, kuanzia soksi.

Nyuzi_na_Sindano

Shikamoo Bi Mkasi, na Mzee wa Pazia, shikamoo. Nimemwonyesha mwongozaji hoja ya kufifisha rangi, amenyamaza muda mrefu kisha akasema "watumishi wabaki na nguo nyeusi". Nimekubali haraka kabla hajabadilisha mawazo.

Sasa koseti?

Bi_Mkasi

Marahaba mwanangu. Watumishi kuvaa nyeusi ni sawa, tena itakusaidia kuokoa pesa.

Koseti: kwa mhusika mkuu na mama yake, ndiyo. Wengine, weka vibati vya kukazia ndani ya bitana ya bodi, yaani sehemu ya juu ya gauni, yatosha. Nasema ndiyo kwa sababu koseti haikai pale kwa ajili ya kupunguza kiuno tu. Inamnyima mwigizaji njia ya kujikunja, na bodi ya 1895 ikivaliwa juu ya tumbo laini huvunjika mikunjo kiunoni, jukwaa zima linaona.

Zamani vibati vilikuwa vya chuma au vya zile nyuzi ngumu za kinywani mwa nyangumi. Wewe chukua vifungio vya plastiki vya kubania nyaya, vile vipana vya mafundi umeme. Kata kwa urefu, viringisha ncha, zipitishe kwenye moto kidogo zisichome ngozi. Vinapinda vizuri na havishiki kutu ukifua. Kitambaa kiwe cha pamba kisichovutika, tabaka mbili, vibati vikae katikati.

Usimbane mtu. Punguza sentimita 4 au 5 kiunoni, basi. Udanganyifu mwingine wote utafanywa na mikono mipana na sketi pana. Mpime akiwa amevuta pumzi hadi mwisho, maana mwigizaji anaongea kwa mbavu. Nyuma acha nafasi ya sentimita 5 kati ya kingo mbili, kamba ianze kukazwa kiunoni kwenda juu na chini. Ndani avae shimizi ya pamba, koseti isiguse ngozi. Gagulo lije juu ya koseti, na sketi juu ya gagulo.

Sauti_ya_Tatu

Mimi si fundi, mimi ni wa kuvaa. Naomba niwasemee wenzangu.

Koseti usituletee siku ya mazoezi ya mwisho. Tuletee hata kama haijakamilika, wiki nyingi kabla. Ukiwa ndani yake huwezi kuokota kitu kwa kuinama, unashuka kwa magoti mgongo ukiwa wima. Huketi kwa kujitupa kochini, unakaa ukingoni. Ukicheka sana unaishiwa pumzi mapema, kwa hiyo mahali pa kuvuta hewa kwenye sentensi zako panahama. Mambo hayo yote ni uigizaji, si mavazi, na hayajifunzwi usiku mmoja.

Sketi vilevile. Tushonee sketi za mazoezi kwa shuka lolote chakavu, urefu uleule na upana uleule. Kupanda ngazi na trei mkononi huku umevaa sketi ndefu kuna ufundi wake: unasukuma pindo kwa ncha ya kiatu kabla hujakanyaga. Na tafadhali, pindo liwe juu ya sakafu sentimita 3 au 4 na viatu vya onyesho vikiwa mguuni. Picha zinaonyesha nguo zikifagia chini, ila wale hawakuwa wanakimbia gizani kubadilisha viti.

Mkia_wa_Koti

Wanaume wamesahaulika humu kama kawaida. Kosa la kwanza ambalo hulitambulisha igizo la wanafunzi ni suruali. Kijana wa leo anavaa suruali nyongani. Ya 1895 inafika kiunoni halisi, juu ya kitovu, inashikiliwa na kanda za mabegani, hakuna mkanda wa ngozi. Kizibao lazima kifunike mwanzo wa suruali. Ukiona shati likichungulia kati ya kizibao na suruali mwigizaji akiinua mkono, kila kitu kimeharibika.

Chukua suti kuukuu za sufu. Tundu la mkono lipandishwe juu karibu na kwapa. Watu hudhani tundu kubwa ndilo linalompa mtu uhuru, kumbe ni kinyume: tundu likiwa dogo na la juu, mkono unapanda na koti linabaki mahali pake. Likiwa kubwa, koti zima linanyanyuka naye.

Kola na kafu zilikuwa za kuvuliwa, zinakaa kwenye shati kwa vifungo vidogo vya chuma. Usichukulie hilo kama mapambo, litumie. Shati moja, kola nne. Baada ya kila onyesho unafua kola tu na kuitia wanga, nayo ndiyo sehemu inayoonekana.

Kwa leo naishia hapo, viatu tutavizungumza wakifika mwisho wa bajeti 😄

Taa_Kali

Mimi ni wa taa. Mafundi maleba huwa wananichukia usiku wa kwanza, ndiyo maana nakuja mapema.

Usilete nyeupe tupu. Chini ya taa, nyeupe inawaka na inameza uso wa mvaaji. Ichovye kwenye chai nyepesi kwa dakika chache, suuza, utapata rangi ya maziwa ambayo kutoka mbali bado ni nyeupe. Inafanya kazi kwa pamba, kitani na hariri. Poliesta haishiki chai, usipoteze muda. Kama hujui kitambaa ni cha nini, choma nyuzi chache kwa kibiriti juu ya sahani: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu, sufu inanuka nywele, poliesta inayeyuka na kuwa tone gumu. Satini ya poliesta inang'aa vibaya sana kwenye taa za LED, na inampigia kelele mtazamaji kwamba hii ni nguo ya jana.

Hiyo zambarau ya Mzee wa Pazia ninaipenda, lakini tendo likiwa la jioni nikawasha taa ya njano-machungwa, itaelekea kwenye hudhurungi. Buluu itakuwa kijivu. Nyekundu chini ya taa ya kijani ni nyeusi kabisa. Leta vipande vya vitambaa, hata vya kiganja, tuviweke chini ya taa zenyewe kabla hujanunua roli nzima.

Halafu moto. Tamthilia ya 1895 haikosi mishumaa, na hiyo mikono yenye neti ya nailoni ni fataki. Mwaka 1862 mchezaji dansi Emma Livry alikuwa kwenye mazoezi ya Opera ya Paris, sketi yake ikashika moto wa taa za gesi za jukwaani. Aliteseka miezi kadhaa, akafa 1863. Sketi zilizotiwa dawa ya kuzuia moto zilikuwepo. Alizikataa kwa sababu zilikuwa ngumu na zimefifia. Kwenu tumieni mishumaa ya betri, mjadala uishe.

Kasi_ya_Nyuma

Nakuja kwenye swali la tatu, maana naona limepitwa. Dakika moja ni nyingi ukiipanga.

Gauni la dansi lisiwe vipande viwili. Lishone bodi na sketi vikiwa kitu kimoja kiunoni. Zile kamba au kulabu za mgongoni ziwe za uongo, zimeshonewa juu, na chini yake pawe na zipu ndefu iliyofichwa. Ndiyo, zipu haikuwepo. Ile tunayoijua ilikuja 1913 kwa mkono wa Gideon Sundback, na kwenye nguo ilienea miaka ya 1930. Lakini hakuna atakayeiona ikiwa chini ya ukanda wa kitambaa, rangi moja na gauni. Velkro usiitumie: ikivutwa nyuma ya pazia wakati wa mazungumzo ya chini, safu tatu za mbele zinasikia. Shingoni weka kishikizo kikubwa cha kubonyeza, kisha zipu.

Blauzi ya safari aivae tayari chini ya gauni? Kwa mikono ya 1895 haiwezekani, utapata mtu mwenye mabega manne. Badala yake koti la safari lishonewe kwa ndani kipande cha mbele cha blauzi ya uongo, yaani kifua na kola tu, bila mikono. Sketi ya safari iwe imelazwa sakafuni kama duara, mdomo wazi. Anaruka katikati, msaidizi wa kwanza anaipandisha na kuifunga, wa pili anashika koti likiwa wazi, anaingiza mikono. Kofia inakuja na nywele zake zikiwa zimeshonewa ndani. Viatu vya safari ndivyo avae tangu kwenye dansi, gauni litavificha.

Kama anavaa maiki, kile kisanduku kikae kwenye mfuko ulioshonewa koseti, si gauni, ili kisiguswe wakati wa kubadilisha. Na zoezi hilo lifanyike kwenye giza lilelile la nyuma ya jukwaa, na watu walewale wawili, mpaka mikono ijue yenyewe.

Nyuzi_na_Sindano

Kasi ya Nyuma, nimekusoma. Hiyo ya koti lenye kifua cha uongo imeniondolea mzigo.

Swali dogo: onyesho linakwenda usiku nne mfululizo, na hizi nguo za sufu na bitana hatuwezi kufua kila siku. Jasho tunalifanyaje?

Bi_Mkasi

Kinachogusa ngozi ndicho kinachofuliwa: shimizi, shati, soksi, kila mtu awe na mbili. Kwapani shonea pedi za pamba za kutoa na kurudisha kwa bandi chache. Hata wanawake wa wakati ule walikuwa nazo. Nguo ya juu, ukimaliza onyesho, igeuze ndani nje, inyunyizie vodka kwenye kwapa na kola, iache ipigwe na upepo hadi kesho. Isiwe pombe yenye rangi wala marashi. Jaribu kwanza kwenye upindo wa ndani uone kama rangi haitoki.

Na mishono yako iache na ziada ya sentimita 3 ndani, bodi na sketi zote. Chuo hakishoni kwa mtu mmoja. Mwakani mwingine mnene kidogo atalivaa, na wewe utakuwa umeshaondoka. Andika jina la mhusika na vipimo kwenye utepe ndani ya kiuno.

Sauti_ya_Tatu

Na mifuko jamani. Barua ya tendo la pili naiweka wapi?

Bi_Mkasi

Kwenye mshono wa nyuma wa sketi, upande wa mkono unaoutumia. Walikuwa nao pale pale. Niambie barua ina ukubwa gani kabla sketi haijafungwa.

Taa_Kali

Mwanzisha uzi, kabla hujanunua hiyo zambarau, mwulize anayepaka mandhari kuta za sebule zitakuwa rangi gani. Nimesikia anataka zambarau naye.

Nyuzi_na_Sindano

😳 Nampigia sasa hivi.